Salamu Iliyochekwa: Maisha ya Henry Morton Stanley Baina ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani

1.0 Utangulizi

Watu wanaosema lugha moja si lazima wacheke jambo moja. Mwenyeji wa Pemba na mwenyeji wa Mrima husikilizana vizuri sokoni na msikitini, lakini mzaha wa mmoja waweza kumpita mwenzake kama upepo, au ukamchoma kama tusi. Kwa Waingereza na Wamarekani hali hii ni mashuhuri zaidi. Misimu ya mitaa ya London huwaacha Wamarekani wakitazamana, nao mzaha wa Kiingereza, ambao aghalabu husemwa kwa uso mkavu na kwa maneno machache kuliko jambo lenyewe, huchukuliwa na Mmarekani kuwa ni taarifa ya kweli. Kinyume chake hutokea pia: Mmarekani akisema jambo kwa dhati, Mwingereza huweza kuangua kicheko.

Makala haya yanaeleza maisha ya mtu ambaye mgongano huo ulimwandama kwa zaidi ya miaka 30. Henry Morton Stanley ameandikwa sana na wanahistoria, na mengi ya maovu yake katika bara hili yanajulikana. Lisilozungumzwa sana ni kwamba alikuwa mtu asiye na lugha ya kwao. Alizaliwa katika lugha moja, akalelewa katika ya pili, akajipatia jina na heshima katika lahaja ya ya tatu. Mpwapwa ni mahali pazuri pa kuutazamia mkasa huo, kwani huko alipita katika safari zake tatu mashuhuri, na huko alimwacha mtu aliyekufa akihitaji mkalimani hata kwa neno lake la mwisho.

2.0 Kutoka Denbigh hadi New York

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji wa Denbigh, kaskazini ya Wales, akaitwa John Rowlands. Wazazi wake hawakuwa wameoana. Lugha ya nyumba aliyolelewa ilikuwa Kiwelisi, lugha iliyo mbali na Kiingereza kuliko Kigogo kilivyo mbali na Kiswahili. Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka sita, alipelekwa katika makazi ya mafukara ya St Asaph, akakaa humo hadi mwaka 1856. Kiingereza sanifu alikipata humo, darasani, pamoja na Biblia na viboko. Hivyo basi Kiingereza kilikuwa kwake lugha ya kujifunza. Mtu aliyejifunza lugha kwa namna hiyo huijua sarufi yake vizuri, na huijua adabu yake kama inavyoandikwa vitabuni. Lakini mzaha hauandikwi katika vitabu vya shule.

Mwishoni mwa 1858 alipanda meli Liverpool, na mapema mwaka 1859 akateremka New Orleans. Huko alibadili jina. Mwenyewe alidai kwamba alilipata kwa mfanyabiashara tajiri aliyemfanya mwanawe. Watafiti wa karibuni, hasa Tim Jeal katika wasifu wake wa mwaka 2007, wameitilia shaka sana hadithi hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana upande wa Kusini, akatekwa katika pambano la Shiloh mwezi Aprili 1862, akaingia kwa muda mfupi katika jeshi la Kaskazini, kisha mwaka 1864 katika manowari za upande huo huo. Baada ya vita akawa mwandishi wa habari. Mwaka 1868 alituma habari za vita vya Waingereza huko Uhabeshi kabla ya waandishi wengine, na gazeti la New York Herald likamthamini.

Kufikia wakati huo lafudhi yake ilikuwa ya Kimarekani, na aliwaambia watu kuwa yeye ni Mmarekani. Kwa hakika hakuwa hivyo kisheria hadi mwaka 1885. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila isemwapo kwamba Waingereza walimcheka mgeni: waliyemcheka alizaliwa katika ufalme wao, ila hawakumtambua kwa sauti.

3.0 Mpwapwa, 1871

James Gordon Bennett mdogo, mwenye gazeti la New York Herald, alimtuma kumtafuta David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti ambaye habari zake zilikuwa zimekatika. Stanley alifika Unguja mwezi Januari 1871, na mwezi Machi akaondoka Bagamoyo. Wazungu wenzake walikuwa wawili, wote mabaharia: John William Shaw wa London, na William Farquhar, Mskoti kutoka Leith. Wakalimani wake walikuwa Selim, kijana Mkristo Mwarabu kutoka Jerusalem, na Sidi Mubarak Bombay, ambaye awali alikuwa amesafiri na akina Burton na Speke.

Katika msafara huo lugha zilikuwa nyingi, na Kiswahili ndicho kilichoziunganisha. Ajabu ni kwamba wasiosikilizana zaidi walikuwa wale watatu waliosema Kiingereza. Karibu na ziwa la Gombo, kabla ya kufika Mpwapwa, Shaw alikitukana chakula mezani, maneno yakazidi, na Stanley akampiga ngumi. Usiku ule risasi ilipenya katika hema la Stanley. Shaw alipoulizwa alijitetea kuwa alikuwa ameota mwizi. Kisa hiki tunacho kwa kalamu ya Stanley peke yake, nayo si kalamu ya kuaminiwa pasipo tahadhari. Hata hivyo mtu ajuaye lugha ya mabaharia atajiuliza kama apizo la Shaw lilikuwa na uzito aliousikia Stanley. Kulaani chakula ni ada ya melini, na baharia hulaani hata chakula anachokifurahia. Mtu aliyefunzwa Kiingereza chake katika makazi ya mafukara, ambako kulalamikia chakula kulikuwa kosa la kuchapwa, hakuwa na sikio la mzaha wa aina hiyo.

Msafara ulifika Mpwapwa mwezi Mei. Stanley aliusifu mji huo kwa maziwa, mayai na maji matamu ya mlimani, akaulaumu kwa wadudu waliojaa hemani. Mbele yao ilikuwa nyika isiyo na maji iitwayo Marenga Mkali, jina ambalo lenyewe ni somo la isimu: neno la kwanza ni lile lile la Kigogo la maji, malenga, lililotamkwa na wapagazi kwa r, na la pili ni kivumishi kinachojulikana na kila msemaji wa Kiswahili.

Farquhar hakuweza kuvuka nyika hiyo. Miguu ilikuwa imemvimba, na hakuna punda aliyeweza kumchukua. Stanley aliamua kumwacha kwa mkuu wa kijiji, ambaye katika kitabu chake anamwita Leukole. Mkuu huyo alitoa sharti moja: abaki mtu mwenye kujua lugha ya mgonjwa, kwani pasipo mkalimani hangeweza kujua mgeni wake ataka nini. Sharti hilo lilikuwa la busara kuliko jambo lolote lililofanywa na wakubwa wa msafara ule. Stanley alimwacha Jako, ambaye mbali na Bombay na Selim ndiye pekee aliyejua Kiingereza, kisha akaendelea na safari.

Mwaka uliofuata, aliporudi kutoka Ujiji, Stanley alipita Mpwapwa na kuuliza habari. Leukole alimweleza kuwa mgonjwa alionekana kupata nafuu hadi siku ya tano. Siku hiyo alijaribu kuinuka atoke hemani, akaanguka, akapiga ukelele kama mtu aliyeumia sana, na mtumishi wake akawaambia wenyeji kuwa bwana wake anasema anakufa. Alikufa alasiri hiyo, kama mtu anayelala usingizi. Walimchukua hadi chini ya mti mkubwa, wakamfunika majani. Jako alichukua vitu vyake, akahamia kwa Mnyamwezi mmoja karibu na Kisokwe, na baada ya miezi mitatu akafa naye. Stanley alitafuta mifupa asiione, akawaamuru watu wake wakusanye mawe na kujenga alama ya kaburi.

Hivyo ndivyo neno la mwisho la baharia wa Leith lilivyotufikia: lilisemwa kwa Kiingereza cha Kiskoti, likafasiriwa na mtumishi, likahifadhiwa na mkuu wa Mpwapwa, likafasiriwa tena kwa Stanley, naye akaliandika kwa Kiingereza cha magazeti ya New York. Katika safari yote hiyo halikupotea. Alichotaka kusema mtu huyo kilikuwa wazi mno. Mzaha hauvuki mito mingi namna hiyo.

4.0 Salamu ya Ujiji

Baada ya kukwama Unyanyembe kwa sababu ya vita vya Waarabu na Mirambo, na baada ya kumwacha Shaw mgonjwa huko, ambako naye alikufa, Stanley aliingia Ujiji. Tarehe aliyoiandika ni 10 Novemba 1871, ingawa wataalamu wengi huona kuwa hesabu yake ya siku ilikuwa na kosa. Bunduki zililia, bendera ya Marekani ikatangulia, na Susi, mtumishi wa Livingstone, akatoka mbio kumlaki kwa Kiingereza.

Kilichofuata kinajulikana duniani kote. Stanley alisogea, akavua kofia, akamtaja mzee yule kwa cheo chake cha udaktari na kwa jina lake, kisha akaongeza kitenzi kimoja cha heshima chenye maana ya kudhani. Yote yalikuwa maneno manne. Mwenyewe alieleza kuwa alitamani kumkimbilia na kumkumbatia, ila alijizuia kwa kuona haya mbele ya halaiki, bila kujua Mwingereza yule atampokeaje. Akachagua kujihifadhi nyuma ya adabu.

Hapa pana shaka ambayo mtafiti hana budi kuitaja. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu tukio hilo zilichanwa, na Livingstone hakuyaandika maneno hayo. Jeal anaona kuwa salamu ilitungwa baadaye. Iwapo ni hivyo, suala la kiisimu halipungui, bali linazidi: mtu aliyekuwa na nafasi ya kufikiri kwa miezi kadhaa kuhusu maneno yatakayomfanya aonekane muungwana wa Kiingereza, alichagua hayo.

Kosa lake halikuwa la sarufi. Kila neno lilikuwa sahihi. Lilikuwa kosa la rejista. Kitenzi kile kilikuwa cha ukumbini, cha watu wawili wa tabaka moja wanaokutana London bila ya mtu wa kuwajulisha. Kukitumia baada ya miezi minane ya homa, vita na vifo, mbele ya mtu ambaye hapakuwa na mwingine wa kumfananisha naye katika mji ule, kulikuwa kuvaa joho la harusi shambani. Mwingereza wa tabaka la juu angeweza kutamka maneno yayo hayo kwa mzaha, uso ukiwa mkavu, na wenzake wangemsifu kwa kulidogosha jambo kubwa. Stanley aliyasema kwa dhati, na udhati huo ndio uliochekwa. Wasomaji wa Marekani, kwa upande wao, hawakuona kichekesho. Kwao mwandishi wao alikuwa amemwamkia mzee mashuhuri kwa heshima inayompasa.

Kwa masikio ya Ujiji ile salamu ilikuwa na upungufu mwingine kabisa. Mgeni aliyetoka mbali hakuuliza hali, wala habari za siku nyingi, alitaja jina tu! Wagogo, ambao nchi yao alikuwa ameivuka, wana mbukwa yao, na baada yake maswali na majibu mengi kabla ya shughuli yoyote. Inafaa kukumbuka haya ili tusidhani kuwa Waingereza peke yao ndio wenye haki ya kuishangaa.

5.0 Brighton na New York, 1872

Habari zilichapishwa New York na London katika kiangazi cha mwaka 1872, na Uingereza ikaanza kucheka. Maneno manne yakawa ya vibonzo, ya kumbi za muziki na vichekesho, na ya vijana waliokutana barabarani. Kabla ya hapo, Henry Rawlinson, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, alikuwa amedai kwamba huenda Livingstone ndiye aliyemwokoa Stanley.

Uzito zaidi uko katika suala la barua. Stanley alileta barua za Livingstone, na mojawapo, aliyoandikiwa Bennett, ilikuwa na utani mwingi. Magazeti kadhaa ya Uingereza yalishikilia kuwa ni ya kughushi, kwa hoja kwamba mmisionari wa Kiskoti hawezi kuandika kwa mtindo wa namna hiyo, na kwamba harufu ya Marekani imo ndani yake. Inaelekea Livingstone, aliyejua anamwandikia nani, aliupinda mzaha wake uelekee kwa wasomaji wa New York. Kwa hiyo Mskoti aliyetania Kimarekani alidhaniwa kuwa si yeye, na Mwelisi aliyesema Kiingereza cha ukumbini alidhaniwa kuwa mwongo. Ilibidi Wizara ya Mambo ya Nje na mwana wa Livingstone wathibitishe mwandiko, mapema mwezi Agosti.

Tarehe 16 Agosti 1872 Stanley alihutubia mkutano wa wanasayansi huko Brighton, Francis Galton akiwa mwenyekiti, na Napoleon wa Tatu, mfalme wa zamani wa Ufaransa, akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Galton alidokeza kuwa wamekuja kusikiliza mambo ya hakika, si visa vya kusisimua, na akamuuliza pia iwapo ni Mwelisi. Stanley aliona amedhalilishwa. Katika karamu ya madaktari iliyofuata mjini humo, mtu mmoja alicheka alipokuwa akizungumza, naye akaondoka kwa hasira. Waliokuwapo walishangaa. Kwao kicheko cha mezani kilikuwa dalili ya kumkubali mtu baina yao, mfano wa utani baina ya Wazaramo na Wanyamwezi, ambao wapagazi wake waliujua vizuri. Lakini utani una masharti. Mtani hutaniwa kwa kuwa pande zote mbili zinajua kwamba ni watani, na mtu aliyeficha kwao alikozaliwa hana mtani.

Malkia Victoria alimpokea mwezi Septemba, akampa kijaluba cha ugoro chenye vito, na katika shajara yake akakumbuka zaidi lafudhi yake nzito ya Kimarekani. Chama cha Jiografia kilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1873.

Ingetarajiwa kwamba Marekani ingemwelewa. Haikuwa hivyo. Gazeti la New York Sun lilikuwa tayari limechapa tuhuma za rafiki wa zamani kuwa habari zake ni uzushi, na mihadhara yake katika ukumbi wa Steinway, New York, mwezi Desemba 1872, ilianguka vibaya. Wasikilizaji walikuja kutaka visa vya simba na vichekesho. Yeye, aliyejeruhiwa Brighton kwa kushukiwa kuwa mtu wa visa, aliwasomea jiografia kwa sauti nzito. Hata New York Herald, gazeti lake mwenyewe, halikumsifu. Alikuwa ameandaa kwa ajili ya Wamarekani jibu la swali lililoulizwa na Waingereza.

6.0 Miaka ya baadaye

Mwezi Desemba 1874 alipita Mpwapwa tena, safari hii akiwa na Waingereza watatu, Edward na Francis Pocock na Frederick Barker. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi kwao. Katika safari hiyo, iliyoishia mdomo wa mto Kongo mwaka 1877, alithibitisha mengi ya kijiografia, na vilevile aliwashambulia watu wa kisiwa cha Bumbire, mwaka 1875, kwa ukatili uliowashtua hata wasomaji wa Ulaya. Taarifa hiyo aliituma mwenyewe, kwa mtindo wa majigambo uliopendwa na gazeti lake. Wapo walioona kuwa Waingereza walikasirishwa na mtindo kuliko kitendo. Huenda ni kweli kwa baadhi yao, lakini waliouawa waliuawa.

Kutoka mwaka 1879 hadi 1884 alimtumikia mfalme Leopold wa Pili huko Kongo, kazi ambayo matunda yake machungu yanafahamika. Huko alipata jina la Bula Matari, yaani mvunja mawe. Neno la pili lina mzizi ule ule wa jina la mji wa Matadi.

Mwezi Desemba 1886, alipohutubu Boston, alitambulishwa na Mark Twain, bingwa wa mzaha wa Kimarekani. Twain alimlinganisha na Columbus, akasema kuwa Columbus alitakiwa akae tu katika meli yake hadi Amerika imzibe njia, ilhali Stanley alimtafuta mtu mmoja anayetembea katika bara zima. Hiyo ni chuku, na chuku ndiyo roho ya mzaha wa Marekani, kama kudogosha kulivyo roho ya mzaha wa Uingereza. Siku hiyo walicheka pamoja naye. Siku chache baadaye simu ya maandishi ilimwita Ulaya kwa safari ya kumfuata Emin Pasha, akakatiza mihadhara.

Safari hiyo ndiyo iliyomleta Mpwapwa kwa mara ya mwisho, mwezi Novemba 1889, akielekea pwani pamoja na Emin. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuweka kituo chao hapo. Mwezi Julai 1890 alimwoa Dorothy Tennant katika kanisa la Westminster Abbey, mwaka 1892 akarudia uraia wa Uingereza, na toka 1895 hadi 1900 akawa mbunge wa Lambeth Kaskazini. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1899. Ile salamu haikumwacha. Alikuwa mtu mzima mwenye nishani, na bado wageni walimwamkia kwayo wakidhani wanamfurahisha.

Alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa. Alizikwa Pirbright, katika jimbo la Surrey, chini ya jiwe kubwa la matale lisilochongwa umbo. Jiwe hilo lina jina lake la Kimarekani, jina la Bula Matari, miaka yake, na neno Afrika. Jina la John Rowlands halimo.